Kamera za Kariakoo zinatuona, sisi tunamwona nani?

Mwezi uliopita nimeibiwa simu Kariakoo. Najua utacheka. Mwandishi wa habari, mtoto wa mjini, anayejua fika kwamba ukikatiza Mtaa wa Congo mchana simu unaikumbatia kifuani kama kichanga, anaibiwa kama mgeni aliyeshuka kwenye basi asubuhi ile ile. Cheka tu, hata mimi nimeshacheka.

Ila kilichonifanya nikae kuandika leo si simu. Simu nimeshanunua nyingine, ya mkopo. Ni kilichofuata baada ya simu kwenda.

Machinga mmoja aliyeniona nikijipapasa mifukoni akaniambia, "Kaka, ushalizwa. Nenda ile fremu ya vitenge, wana kamera." Nikaenda. Nikamkuta kijana wa dukani, mchangamfu, tukasalimiana, nikamweleza shida yangu. Akaniangalia, akatabasamu: "Ya soda ipo?" Nikatoa elfu tano. Akanivuta nyuma ya kaunta kwenye kijiluninga chenye picha nane kwa mpigo, akaanza kurudisha nyuma.

Saa saba na dakika arobaini nikajiona. Natembea, nimeshika mfuko wa machungwa, nacheka na simu sikioni. Nakata simu, naitumbukiza mfukoni. Jamaa wa kofia nyeusi anapita kwa kushoto, ananigonga bega, na mkono wake mwingine unaingia na kutoka. Hatua tatu mbele anampa mwenzake, mwenzake anapotelea uelekeo wa Msimbazi. Haikufika sekunde tano. Nikasema moyoni: Mungu azibariki kamera.

Tatizo ni kwamba ili kunifikia mimi, kijana alibidi apitie nusu saa nzima ya maisha ya watu wengine. Mama ameketi kwenye ngazi ya duka ananyonyesha. Mzee amejificha pembeni ya nguzo, anatoa pesa kiunoni na kuzihesabu, anadhani hakuna anayemwona. Dada mmoja kapita na mwanaume mtu mzima, na kijana wa dukani akanichapa kofi la bega: "Huyu tunamjua, kila Ijumaa yuko na huyu mzee, na mzee ana mke." Anajua! Hamjui jina, ila anajua ratiba yake.

Kisha, kwa kuwa tulikuwa tumeshakuwa marafiki, akatoa simu yake kunionyesha vipande alivyovikata kutoka kwenye kamera ile. Vituko vya Congo. Kuli kaanguka na mzigo. Wapiga debe wanazipiga. Binti upepo umemfunua gauni mbele ya kadamnasi. Hiki cha mwisho, akanieleza kwa fahari, kimeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp mpaka kimemrudia mwenyewe kutoka Mwanza. Nasikitika kukiri kwamba nilicheka. Nilikuwa natafuta haki yangu nikiwa nimeketi juu ya heshima ya mtu mwingine.

Na picha ya nane kati ya zile nane? Kamera imefungwa ghorofa ya nne upande wa nyuma, eti kulinda stoo. Inachungulia moja kwa moja uani kwa nyumba ya zamani ya Kiswahili iliyobakia katikati ya maghorofa. Nilimwona mama mtu mzima yuko bombani amejifunga kanga, anaoga miguu. Nyumba ile imejengwa kwa akili ya wazee wetu: barazani mbele ni kwa kila mtu, uani nyuma ni kwa wenye nyumba. Mama yule anaamini kwamba yuko uani. Hayupo uani tena, yuko kwenye luninga ya duka la vitenge.

Sasa sikiliza mwisho wa hadithi. Nilikwenda kituoni, nikaandikishwa, nikapewa RB. Afande akaniambia leta hiyo video kwenye flashi. Nikarudi dukani. Kijana akasema kutoa video mpaka bosi aridhie, na bosi yuko Guangzhou kufuata mzigo. Bosi alirudi baada ya wiki tatu. Mashine ilikuwa imeshajifuta na kuandika juu yake mambo mapya. Kipande changu hakipo. Kipande cha binti wa gauni kipo, na kitakuwepo mpaka kiama.

Tafakari hilo kidogo. Kamera ileile imeshindwa kumkamata mwizi na imefaulu kumdhalilisha binti. Tumezoea kuambiwa kwamba tuchague, usalama au faragha, ukitaka kimoja ukubali kukosa kingine. Mimi pale Congo nilikosa vyote viwili siku moja, na sababu ilikuwa moja: hakuna utaratibu.

TUSIDANGANYANE, KAMERA ZINAHITAJIKA

Sitaki mtu anielewe vibaya nikaitwa mtetezi wa vibaka. Jiji hili limepitia mambo. Tunakumbuka Januari 2015 mji mzima ulivyofunga milango jioni kwa uvumi na hofu ya Panya Road, na tunakumbuka walivyorudi 2022 na mapanga yao. Tunakumbuka Oktoba 11, 2018, Mohammed Dewji alipotekwa alfajiri kwenye hoteli ya Colosseum, Oysterbay. Siku nane baadaye IGP wa wakati ule, Simon Sirro, aliwaeleza waandishi kuhusu gari aina ya Toyota Surf na jinsi mwendo wake ulivyofuatiliwa kwa msaada wa kamera. Kesho yake Mo akapatikana viwanja vya Gymkhana. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema kamera zile zisingekuwepo.

Na Kariakoo yenyewe ni mali ya watu. Soko lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa 1975 liliungua usiku wa Julai 10, 2021, na wafanyabiashara wakabaki wanaulizana nani aliona nini. Februari 2025 ulipozinduliwa mpango wa biashara saa 24, kila aliyezungumzia ulinzi alitaja vitu vilevile: taa na kamera. Ni sawa. Mama anayefunga genge saa nane usiku ana haki ya kufika nyumbani na mauzo yake.

Kwa hiyo swali langu si "kamera ziwepo au zisiwepo?" Zipo. Inua macho ukiwa Aggrey, Likoma au Sikukuu uhesabu, utachoka kabla hujamaliza mtaa mmoja. Swali langu ni: hizo picha ni za nani, zinakaa wapi, zinakaa siku ngapi, na nani anaziangalia kwa elfu tano?

BALOZI WA NYUMBA KUMI ALIKUWA NA SURA

Kuna wanaosema Waswahili faragha hatuijui, tumekulia uswahilini ambako jirani anajua umepika nini. Na serikali yetu imekuwa ikituangalia tangu zamani, si tulikuwa na balozi wa nyumba kumi? Mfumo ule ulianza enzi za TANU miaka ya 1960. Mgeni akilala kwako, balozi anajua. Ukinunua baiskeli mpya, balozi anauliza.

Ni kweli. Lakini balozi alikuwa na sura. Ulijua anakaa nyumba ipi, ulijua watoto wake, na wewe ulimwona yeye kama yeye alivyokuona wewe. Akizidisha umbea ungemsema kikaoni, ungemnunia msibani, ungemnyima kura. Alichokiona kilikaa kichwani mwake na kilisahaulika. Halikuwepo la kurudisha nyuma na kukuza picha.

Kamera haina msiba wala harusi. Inakuona na wewe huioni inayemwonyesha. Haisahau mpaka mashine ijae, na kipande kikishakatwa hakisahauliki kabisa. Jirani akijua umepika maharage ni ujirani. Mtu usiyemjua akiwa na rekodi ya kila Ijumaa yako, huo si ujirani. Na wale wanaosema "kama huna baya unaogopa nini?" nawaomba waniletee ufunguo wa nyumba yao na simu ikiwa wazi, nikae navyo wiki moja. Mkuki kwa nguruwe!

MAJIRANI ZETU WAMEFIKA WAPI

Sisi si wa kwanza, tuna bahati ya kujifunza kwa wenzetu. Kenya, baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013 lililoua watu 67, serikali iliingia mkataba na Safaricom mwaka 2014 wa karibu shilingi bilioni 15 za Kenya, kamera 1,800 Nairobi na Mombasa zikiunganishwa na polisi. Uganda, baada ya Felix Kaweesi, afisa wa juu wa polisi, kuuawa Machi 2017, Rais Museveni aliagiza kamera mji mzima. Zikaja kamera za Huawei kwa mpango wa dola milioni 126.

Zilinunuliwa kukamata wauaji. Novemba 2020, Bobi Wine alipokamatwa katikati ya kampeni, watu wakaingia barabarani, zaidi ya 50 wakafa, na mamia wakakamatwa. Polisi wa Uganda wenyewe walisema kamera ziliwasaidia kuwafuatilia watuhumiwa. Serikali itasema ni wafanya fujo. Wapinzani watasema ni raia walioandamana. Mimi nasema hivi: chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya wauaji kiligeuzwa kazi ndani ya miaka mitatu tu, na hakuna mwananchi aliyeulizwa.

Na hapo tunakuja kwenye kamera zenye akili, zile zinazotambua sura. Mwaka 2018 mtafiti Joy Buolamwini wa Marekani, mwenye asili ya Ghana, na mwenzake Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, walipima programu za makampuni makubwa zinazosoma sura na kutaja jinsia ya mtu. Kwa wanaume weupe programu zilikosea chini ya asilimia moja. Kwa wanawake weusi moja ilikosea karibu asilimia 35. Sasa Kariakoo tuko rangi gani? Januari 2020 huko Detroit, Robert Williams, mtu mweusi, alikamatwa mbele ya mke na watoto wake kwa wizi wa saa ambao hakuufanya, kwa sababu kompyuta ilisema sura ni yake. Yule alikuwa na wakili. Kuli wa Kariakoo ana nani?

Usisahau pia kwamba sisi vidole tumeshatoa. Kuanzia Mei 2019 tulisajili laini zetu kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Tulipanga foleni mpaka Januari 2020, wengine tulilala kwenye foleni. Jina, kidole na namba ya simu tayari vimekaa pamoja. Siku kamera za mitaani zikiunganishwa na hayo, kila anayepita Congo atakuwa anapita na jina lake limeandikwa kwenye paji la uso. Pengine ni jambo jema, pengine si jema. Lakini ni jambo kubwa, na jambo kubwa linatakiwa lijadiliwe bungeni kwanza. Lisiingie kupitia zabuni.

SHERIA IPO, SISI HATUPO

Hapa ndipo naudhika. Kwa sababu sheria tunayo! Ibara ya 16 ya Katiba yetu ya 1977 inasema kila mtu anastahili heshima na hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake. Maskani, jamani. Yule mama wa bombani yumo humo.

Halafu ikaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ikaanza kazi Mei 1, 2023. Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Picha yako ni taarifa binafsi. Anayekusanya anatakiwa awe amesajiliwa, akusanye kwa sababu inayojulikana, asikusanye kuliko anachohitaji, asikae nazo kuliko inavyostahili, na azilinde. Anayezisambaza kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini mpaka milioni 20 au kufungwa mpaka miaka 10, au vyote viwili. Kampuni inaweza kutozwa mpaka bilioni 5.

Nilimuuliza kijana wa vitenge kama ameisikia sheria hiyo. Akaniuliza kama ni ya TRA.

Sheria yenyewe nayo si msahafu. Mei 2024 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na wakili Tito Magoti, ilikuta baadhi ya vifungu vyake ni vya jumla mno na ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Pia inatoa nafasi pana pale panapotajwa usalama wa taifa na kuzuia uhalifu. Neno "usalama" ni kama mlango wa dala dala, kila mmoja anajibana apite. Lakini hata kama ilivyo, ingetumika Kariakoo kwa wiki moja tu, nusu ya uchafu nilioueleza ungeondoka.

Wenzetu wameonyesha inawezekana. Septemba 2023 ofisi inayolinda taarifa binafsi Kenya iliipiga faini baa moja ya Nairobi, Casa Vera Lounge, shilingi 1,850,000 za kwao, kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Picha moja! Baada ya hapo nadhani wenye baa wengi walianza kuuliza kabla ya kupiga.

KAMERA IKIANGALIA JUU

Kuna upande mwingine ambao hatuusemi kwa sauti. Kamera zimewekwa ziangalie chini: zimwangalie kibaka, machinga, kuli, mteja. Je, ikitokea mwenye malalamiko ni machinga, na aliyemmwagia bidhaa ni mgambo, yule machinga ataonyeshwa picha? Oktoba 2021 machinga walipoondolewa mitaani Kariakoo, kila upande ulikuwa na hadithi yake. Kamera zilikuwepo juu ya vichwa vyao. Sikumbuki hata moja ikiletwa kuamua nani alisema kweli.

Tangu Septemba 7, 2017 Tundu Lissu alipopigwa risasi Dodoma, amekuwa akidai hadharani kwamba kamera za eneo lile ziliondolewa. Septemba 2024 Ali Kibao alishushwa kwenye basi Tegeta mbele ya abiria wenzake, akakutwa ameuawa. Barabara ile ina mabenki, vituo vya mafuta na maduka, na kila kimoja kina kijicho chake. Mpaka leo wananchi wanauliza kilichoonekana. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa, Dar ikawekewa amri ya kutotoka usiku, na mtandao uliporudi Novemba 3 tulipokea ujumbe kwenye simu ukituonya tusisambaze picha zinazoweza kuleta taharuki.

Naelewa hoja ya kuzuia taharuki. Lakini usinifunge jicho langu halafu unifungulie la kwako likinitazama saa 24. Kama kamera ni kwa ajili ya ukweli, basi iwe kwa ajili ya ukweli wa kila mtu, hata pale ukweli unapomuuma mwenye kamera. Vinginevyo tuiite jina lake halisi.

NINACHOPENDEKEZA

Mimi si mwanasheria, lakini kwa yale niliyoyaona pale nyuma ya kaunta, nadhani mambo haya hayahitaji hata shilingi ya wafadhili.

Kwanza, kila kamera iwe na kibango: hapa pana kamera, mwenyewe ni fulani, namba yake hii. Anayetuangalia tumjue.

Pili, kamera iangalie mlango wako na barabara yako. Isiangalie uani kwa watu wala dirishani kwao. Fundi akifunga, mwenyekiti wa serikali ya mtaa aitwe aone inaona nini. Dakika tano zinatosha.

Tatu, picha zikae muda unaojulikana, tuseme mwezi mmoja, kisha zifutwe. Lakini mtu akija na RB, kipande chake kihifadhiwe siku ile ile, bosi awe Guangzhou au awe chooni. Hapo mwizi wangu angekuwa matatani.

Nne, pawe na daftari. Nani ameangalia, lini, kwa sababu gani. Ya soda ikome. Na anayekata vituko kuvirusha WhatsApp ashitakiwe mmoja tu, kwa haki kabisa, tuone kama wa pili atathubutu.

Tano, mwenye malalamiko dhidi ya mgambo au askari awe na haki ileile ya picha kama mwenye malalamiko dhidi ya kibaka.

Sita, kamera za kutambua sura zisubiri. Zisubiri sheria yake, mjadala wake na mahakama ya kuomba kibali.

Juzi nilipita tena Congo. Nilitaka kumwona kijana wangu, nimwambie kuhusu ile ya ghorofa ya nne. Nilimweleza habari ya yule mama wa bombani. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema, "Kaka, unajua sijawahi kufikiria hivyo. Bi mkubwa pale ni kama mama yangu." Akapanda juu na bisibisi. Aliporudi, picha ya nane ilikuwa inaonyesha mlango wa stoo na marobota, basi.

Nilifurahi, sikatai. Kisha nikamwomba kitu kingine: afute kile kipande cha binti wa gauni. Akafuta mbele yangu. Tukaangaliana, wote tukijua kwamba kule Mwanza hakijafutwa.

Nikaondoka nikiwa nimeshika simu mkononi, kifuani, kama kichanga.

Mnasemaje wadau?